Jogoo Uliyemweka Amana Majengo

Baba Salma,

Kila barua niliyowahi kuandika nimeianza kwa kumuuliza mwenyewe hali yake. Wewe sikuulizi, maana jawabu silipati, na la kukuombea nimekwisha kuliomba baada ya alasiri. Nitakupa hali ya nyumbani tu. Nimekaa ukumbini kwenye kiti chako, na kalamu ni ile yako uliyokuwa ukiificha nisiitumie. Naandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyonifunza baba. Binti yetu akiikuta ataisoma na atacheka. Mwache acheke.

Kuku wako wapo. Ningependa niseme hivyo kisha nisiongeze neno, lakini mwaka mzima haukuwa hivyo. Kuna uongo nimeusema nikiwa edani, na kuna jambo nililokukosea wewe miaka miwili kabla hujafa. Yote mawili nataka kuyatua leo.

Nianze na la kukukosea.

Siku niliyotoka Siu kuja kuolewa na wewe, mama alinikabidhi tenga lenye kuku watatu, matetea wawili na jogoo, wote kishingo, shingo tupu nyekundu bila unyoya. Ulipofungua tenga hapa uani ulisema, "Mahari nimetoa kamili, na kuku wamekuja uchi." Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikujua kama ni mzaha, nikalia. Hiyo ni miaka arubaini na mbili sasa. Mama alikufa sikumwona. Nyumba ya baba iliporomoka ukuta mmoja baada ya mwingine, ndugu zangu wakatawanyika, na kwenda Siu tena kukawa neno la kusema tu, la mwakani. Kitu cha kwetu ninachoweza kukiangalia kwa macho kila asubuhi ni shingo za kuku hao. Mimi nilikuwa naangalia tu. Wewe ndiye uliyewalea. Ulikuwa ukimfukuza jogoo wa Bi Kibibi, jirani yetu, kanzu umeifunga kiunoni na kiatu mkononi, asije akachanganya uzao wa mama mkwe wako, na Bi Kibibi dirishani akikupigia makofi.

Ndiyo maana ulipomchukua yule pora, jogoo kijana mzuri kuliko wote, ukampa Karisa wa Majengo, mchukuzi wenu wa ghalani Shimanzi, nilihisi umenitoa mimi mwenyewe mlangoni. Nilikwambia, "Umetoa cha mama yangu ukampa mtu baki." Ukajibu kwa upole wako ule unaoniudhi, "Sikumpa, nimemweka amana. Nyumba moja ikiingiwa na maradhi, tutakwenda kumchukua nyumba ya pili." Nikajua umelitunga pale pale ili ninyamaze. Nilikununia siku tatu. Na Karisa alipokuja Idi kutusalimia, nilimjibu nikiwa ndani, wala sikumtolea hata kikombe cha kahawa. Ulimtengenezea mwenyewe, na ukaitia sukari kupita kiasi kama ulivyozoea.

Sasa sikiliza yaliyopita tangu uondoke.

Kwenye hitima yako walichinjwa kuku kumi na mmoja. Sikuuliza, na ningeuliza nani? Nilikuwa chumba cha ndani na nguo zangu nyeupe, nasikia kisu na nasikia mbawa. Walibaki watano: jogoo, matetea watatu, na yule jike kijana uliyempa jina Karani kwa sababu alipoparura mchanga alisimama akaukagua kama anayesoma alichoandika. Jioni nilisimama nyuma ya mlango wa uani nikagonga kopo mara tatu kama wewe. Hawakuja. Waliangalia mlango wa mbele, saa ile ile uliyokuwa ukirudi na leso yako imefungwa punje zilizofagiliwa sakafuni ghalani. Siku ya nne ndipo walipokubali kopo langu.

Mwezi wa pili wa eda kikaingia kideri, maradhi ya kuku. Kilianzia upande wa ngome, kikaja nyumba hadi nyumba. Wakati wako ulikuwa ukikisikia kiko mbali, unaziba upenyo wa kichochoroni kwa magunia, unawatenga wagonjwa chini ya tenga, unawatilia shubiri kwenye maji na kuosha mikono mpaka inachubuka. Mimi nilikumbuka magunia siku mbili baada ya kuhitajika. Mtaa mzima ulinuka supu. Wajua watu wetu: kuku akiinamisha kichwa tu, kisu kimeshatoka, awahiwe kabla hajafa mwenyewe akawa kibudu, haliwi tena. Nyumba ambazo zilikula nyama Ijumaa tu sasa zilikula asubuhi na jioni, na hakuna aliyefurahi.

Nduguyo Athumani alinihurumia. Kila alfajiri alipiga hodi mlango wa uani, mimi nikaingia chumbani nikashusha pazia, naye akapita na kisu chake akawakagua. "Shemeji, jogoo amezubaa. Namuwahi." Kesho yake, "Shemeji, huyu mwekundu mbawa zimeshuka. Namuwahi." Adhuhuri mkewe aliniletea supu. Sikuweza kuimeza, na sikuweza kusema, kwa kuwa alikuwa akifanya wema, na alikuwa akiufanya kwa machozi. Nilimsikia akipenga makamasi kisimani.

Akabaki Karani peke yake.

Nilimkuta asubuhi kabla Athumani hajafika. Amejikunja pembeni mwa kizimba, macho nusu, ute mdomoni, mavi ya kijani. Sikufikiri. Nilimtia ndani ya nguo zangu za eda nikaingia naye chumbani, mahali pa pekee katika kisiwa hiki ambapo kisu cha Athumani hakiwezi kufika. Hodi ikapigwa. Nikashusha pazia.

"Shemeji, yule mmoja yuko wapi?"

"Amekufa."

"Inna lillahi," akasema. Kwa kuku, Baba Salma! Ningecheka kama nisingekuwa na moyo wake mdogo unadunda chini ya mkono wangu. "Mbona hukuniita nikamuwahi?"

"Nilikuwa naswali."

"Basi nipe nikamtupe."

"Bi Kibibi keshanitupia."

Uongo mmoja, wa pili, wa tatu, na wote nyuma ya pazia la eda yako. Ilinibidi nikimbilie dirishani nimwarifu Bi Kibibi kabla hajakutana naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenzangu, wewe umekaa eda au umekaa magendo?"

Nilimlaza upande wako wa kitanda, juu ya ile shuka yako iliyochakaa. Usikasirike. Kila kitu nilikifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe na mimi nikikucheka: shubiri kidogo mno kwenye maji, tone kwa tone kwa kijiko cha kahawa, pembeni mwa mdomo ili yasimpalie; uji mwepesi; kitambaa cha joto. Mikono yako ilikuwa mikubwa na sikuelewa ilifanyaje kazi ile. Sasa nimeelewa. Siri ni kusubiri. Unatia tone, unasubiri ameze, na huwazi jingine. Miaka yote nilidhani umekaa uani kwa kunikimbia maneno yangu, kumbe ulikuwa unasubiri kuku ameze.

Siku ya sita alisimama. Shingo ilikuwa imepinda upande wa kushoto, na haijanyooka mpaka leo. Akitaka kudonoa punje hudonoa pembeni yake, kwa hiyo nilimlisha kiganjani. Wiki zikapita hivyo. Mjane na kuku mmoja chumba kimoja, nikisoma Yasini yeye akinisikiliza kichwa kimelala, kama mwalimu anayengoja nikosee.

Niliweka nia: siku eda itakapokwisha nitamwambia Athumani ukweli. Karani akanitangulia.

Siku ile ndugu zako walikuja na udi na marashi. Nimeoga, nimevaa, nimekaa na wanawake kando ya pazia la ukumbi, na Athumani upande wa pili anawaeleza watu ulivyokuwa mkweli maisha yako yote. Palepale chumbani yai likatagwa. Unajua anavyotangaza kuku aliyetaga.

"Shemeji," akasema Athumani polepole, "kuna kuku ndani?"

"Ni yule kibudu," nikamwambia.

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wanawake wakacheka, Bi Kibibi akatoka nje kabisa. Kisha Athumani akaacha kucheka. Akasema, na sauti ilikuwa yako, sijui kwa nini sikuwahi kuisikia kabla, "Nilidhani namtunzia kaka mali yake isipotee. Kumbe nilikuwa naimaliza." Nikamwambia, "Ulikuwa unafanya wanavyofanya watu wote. Ungejua namtaka, ungemwacha?" Akafikiri. "Nisingemwacha. Ningekwambia ni haramu kupoteza." Nikashukuru kwa jawabu la kweli. Lilinipunguzia deni langu la uongo kidogo, si lote. Nimemtaka radhi, naye amenipa.

Lile yai lilikuwa laini, halina gamba, linabonyea kama kitambaa kilicholowa. Ya wiki iliyofuata yakawa mazima. Lakini mayai bila jogoo ni ya kukaanga tu, na jogoo wa mwisho tulikuwa tumemnywa supu. Niliwaza: basi, tenga la mama limeishia kwangu. Nilikuwa najua pa kwenda. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ila ningemtazamaje Karisa usoni? Alikuja kwenye maziko yako akasimama nje juani mpaka watu wote wakaondoka, nikaambiwa, na bado sikumtumia salamu.

Athumani ndiye aliyetaja. "Yule jogoo wa Majengo je?" Nikasema, "Nenda wewe." Akasema, "Shemeji, hilo ni lako. Nitakusindikiza."

Basi nilivaa buibui langu nikaenda Majengo kwa miguu, mara yangu ya kwanza kupita barabara ya Shimanzi, na malori yakatujaza vumbi. Nilikuwa nimepanga maneno. Karisa alituona akiwa anatengeneza makuti ya paa, akashuka, akaingia nyumbani kwake hata salamu hatujamaliza, akatoka na jogoo kwapani. Mkubwa, Baba Salma. Shingo tupu, nyekundu, nene kama kifundo cha mkono. Kideri hakikufika kwake. Akaninyoshea kwa mikono miwili.

"Mama, nilikuwa nangoja eda iishe ndipo nije. Bwana aliniambia huyu si wangu. Alisema, mlinzie mama Salma, siku moja atamhitaji."

Sikusema hata neno moja katika niliyoyapanga. Nilisimama pale kwenye vumbi nikalia mbele ya watu, mke mzima. Kwa hiyo ulimwambia na yeye. Haukuwa udhuru wa kuninyamazisha. Siku tatu nilikununia na ulikuwa umesema kweli tupu, tena ulikuwa unanifikiria mimi, siku ambayo hutakuwepo. Nisamehe. Nilikunyima kahawa mikononi mwa mgeni wako. Karisa nimemtaka radhi, na mkewe alinipa maji ya dafu nikanywa yote. Sasa anakuja kila Ijumaa baada ya kazi, na kahawa namtengenezea mimi. Sukari madukani bado ni haba, ya kupimiwa, lakini yake naitia kama ulivyokuwa ukiitia.

Karani aliatamia mayai tisa chini ya ngazi. Nilihofu shingo yake haitamwezesha kuyageuza, nikawa nayageuza mimi pamoja naye, mchana na jioni. Wameanguliwa sita. Mmoja alikufa, mmoja ana manyoya shingoni, sijui ameyatoa wapi, namshuku jogoo wa Bi Kibibi wa zamani. Wanne ni kishingo. Walikaa kwangu kiganjani, shingo zao uchi, nami nikamwona mama amesimama mlangoni Siu na tenga.

Jogoo nimemrudisha kwa Karisa. Kwake ndiko nyumbani kwake.

Juzi pora mmoja amejaribu kuwika. Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango usiotiwa mafuta, akashtuka mwenyewe akajificha. Ni mzuri kuliko wote. Nimemwona nikasema moyoni, huyu simtoi. Kisha nikayasikia maneno yangu, ni yale yale ya siku nilizokununia.

Kwa hiyo nakuahidi, na nimeandika ili nisigeuke: huyu anakwenda kwa Athumani. Amejenga kizimba tayari, kimepinda, wewe ungekivunja ukakianza upya. Nimempa sharti moja, kwamba akimwona amezubaa aje aniite kabla hajashika kisu, nami nitakuja na kijiko. Nimemwambia hampati awe wake, ananitunzia. Ameitikia kwa uzito kama mtu anayepokea ufunguo.

Na wanaofuata, Mungu akiniweka, nitatafuta msafiri wa kutegemewa awapeleke, jike na dume, ndani ya tenga, mpaka Siu. Huko nina mpwa mmoja tu ambaye simjui sura. Atawajua kwa shingo zao.

Kwa heri, mume wangu. Karani amekuja mlangoni sasa hivi, kichwa kimelala vilevile, anaangalia mlango wa mbele. Ni saa yako ya kurudi. Mimi nanyanyuka nikagonge kopo.

Mkeo,
Mama Salma