Wageni Waliotaka Kuona Makuti ya Mama

Alhamisi, Likoni. Joto tangu asubuhi, na jioni hii upepo umegoma kabisa. Nimekaa kitandani na sare ya hoteli bado mwilini. Nimeshindwa hata kuivua.

Nimekwisha.

Hoteli ninayofanyia kibarua, pale Shelly Beach, inakufa polepole. Wageni wanakuja, wanaota jua siku mbili tatu, wanachoka, wanahama. Ndipo wakaja hawa, mume na mke, wazee wenye heshima zao, ambao kila wakinywa chai wanasimulia likizo yao ya mwaka jana kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki. Eti ufuoni walikaa kidogo tu. Walipanda hadi kijiji cha mlimani, wakaingia vikanisa vidogo vyeupe, wakaona zeituni zikikamuliwa. Wakaketi jikoni kwa bibi mmoja aliyekuwa akitengeneza jibini, na wala hakuinua kichwa kuwaangalia. Huyo bibi wanamkumbuka kuliko bahari yote. Wakaniuliza: hapa kwenu, zaidi ya ufuo, kuna nini?

Nikatazama juu, paa la makuti. Nikawaambia mama yangu ndiye anayeyashona haya, nyumbani kwetu, mtaa wa Shika Adabu. Yule mke alipiga makofi.

Meneja alikubali shingo upande. Wakirudi wamefurahi, akasema, kutembeza wageni mitaani itakuwa kazi yangu ya kudumu. Wasipofurahi, kibarua changu kinaisha mwisho wa mwezi na nisimlaumu mtu.

Nikampigia mama. "Mama, wageni wanataka kukuona ukishona makuti, basi. Usijisumbue."

"Haya mwanangu. Sijisumbui."

Sijui nilikuwa na akili gani. Nimezaliwa katika nyumba hiyohiyo! Mtu wa kwetu ukimwambia asijisumbue, hapo hapo anatoka kwenda kuazima sahani.

Leo tumekata kona nikaona turubai. Turubai! Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe utadhani kuna arusi. Mama amevaa sare ya akina mama wa kanisa, amekaa wima, hata kucheka anaogopa. Mchungaji ameshika kipaza sauti. Mezani mkate, mayai ya kuchemsha na soda. Makuti? Hata jani moja sikuliona.

Yule mke akaniuliza makuti yako wapi. Nikamuuliza mama.

"Takataka zile? Tumezihamishia nyuma ya choo cha jirani tangu jana. Mgeni akae penye uchafu, mwanangu? Wataka watucheke?"

Nikamwomba alete moja tu, ashone kidogo waone. Akanikata jicho. Na sare ya kanisa mwilini? Mbele ya mchungaji? Mchungaji naye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuomba. Aliiombea ndege iliyowaleta, akaiombea nchi yao, akawaombea mpaka wajukuu ambao sidhani kama wanao. Wageni wakasimama wakitabasamu kama watu wanaosubiri kung'olewa jino.

Nilimwonea mama haya. Kwa muda pale nilitamani angekuwa yule bibi wa Ugiriki, asiyeinua kichwa. Hilo linaniuma kuliko kazi yenyewe, kwa sababu mama hakulala kwa ajili yangu.

Tuliporudi, yule mume akamwambia meneja, kwa upole kabisa, kwamba wenyeji ni watu wema sana, ila wao wageni waliandaliwa maonyesho, maisha ya watu hawakuyaona.

Maonyesho! Mzee, hayo ndiyo maisha yetu yenyewe. Ukija kama mgeni kwetu utapewa kiti chenye kitambaa, upende usipende. Nilitaka kumwambia hivyo, Kiingereza kikanikauka mdomoni. Meneja alinikumbusha tu kwamba sare inarudishwa ikiwa imefuliwa.

Ninaogopa. Hoteli zote za upande huu nimeshapiga hodi, na watoto wangu hawajui neno "subiri".

Sasa hivi mama amenipigia, sauti imejaa kicheko. Majirani wamekutana, wamepangiana zamu ya kupokea wageni. Wiki ijayo ni kwa Mama Mbeyu, wa nyumba ya pili, na watapika pilau.

"Wageni wameridhika lakini?"

"Wameridhika sana, mama."

"Mungu ni mwema! Basi Mama Mbeyu anakata migomba yake kesho asubuhi, ile ya mlangoni, turubai lipate nafasi."

Nikaitikia. Nilisema "haya mama," nikakata simu.

Ile migomba imebeba mikungu. Nitaanzia wapi kumwambia asiikate?