Video ya Mwanawema

Mgogoni, Pemba

Baba Mwanawema,

Salamu ni haki yako, basi nakupa: asalaam alaykum. Simu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa Hija akukabidhi mkononi huko Maskati. Mihogo tumeshavuna, na mama yako hajambo. Mwanao meno ya mbele yameng'oka. Uliondoka hata hayajaota.

Pumzi zake ni zile zile. Huzibana mpaka midomo ikageuka rangi, kisha akahema mbio mbio. Daktari kasema ni maradhi ya nadra, kazaliwa nayo, wala si shetani.

Juzi alikuja jirani nikampa chai. Mtoto akabana pumzi. Mie nimempakata namwita jina lake, mwenzangu katoa simu anamchukua video! Akaisambaza. Kwa kinyaa nilichokiona, kikombe alichonywea nimekitupa jaani.

Lakini aliyenitapisha ni wewe. Video imefika mpaka kwenye kundi lenu la Wapemba wa Maskati, nami nimeonyeshwa ulichoandika chini yake: "Maskini, mtoto wa nani huyu?"

Ni wako, Soud.

Khairiya, mama yake