Mjomba Aliyefungwa Mdomo na Riwaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka, maana mimi ni mshereheshaji wa harusi, na sisemi kwa kujisifu ila ukweli usemwe, nimeshika kipaza sauti katika miji ambayo wewe umeiona kwenye ramani tu, nimechekesha mabalozi, nimeliza wanajeshi, shule niliiacha mapema lakini mdomo haukuacha kusoma, na sasa harusi ya mpwa wangu mwenyewe, niliyemlea tangu dada yangu afariki, naambiwa ninyamaze.

Chanzo ni kitabu. Mpwa wangu ameandika riwaya, imesifiwa mpaka ng'ambo, wanasema inafufua mila zetu zilizozikwa na wakoloni, na humo ndani siku ya harusi mjomba wa bibi harusi hasemi neno tangu asubuhi mpaka bibi harusi avuke kizingiti cha mumewe. Mila hiyo haipo, mshauri. Aliibuni jikoni kwangu huku anatafuna mkate, nikamuuliza, "Hii umeitoa wapi?" akasema, "Kichwani, mjomba, ni hadithi tu," nikacheka, kumbe nachekea msiba wangu.

Sasa mkwe, baba wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu, amekisoma kitabu kwa kalamu nyekundu mkononi, akaja sebuleni kwetu akatangaza, "Wazee wetu walidharauliwa mila zao na wageni. Sisi zenu hatutazidharau. Mjomba atanyamaza." Nikafungua mdomo nieleze, shangazi yetu mkubwa akanikatiza, "Hebu tulia wewe, ndiyo mila. Mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa kigoli." Wote wakatikisa vichwa, na kibaya zaidi hata mimi nimeanza kuikumbuka.

Mpwa wangu alikuwa anatazama zulia. Nilipomfuata jikoni akaninong'oneza, "Mjomba, nikisema niliibuni wataniona tapeli." Nikamwambia, "Na mimi nikinyamaza wataniona mgonjwa." Hakucheka. Maneno ya siku ya harusi yake nimeyatunza tangu akiwa na meno ya utoto, kuna sehemu ya mama yake humo, na hakuna mwingine atakayeisema. Je, nitoboe siri nimwaibishe, au niyameze yote?

Mimi, Mdomo wa Dhahabu

*

Mdomo wa Dhahabu, pole sana. Sasa nisikilize, ingawa najua zoezi hilo ni geni kwako.

Kitabu chenyewe hujakisoma. Usibishe. Umenisimulia mjomba anaponyamaza, hukunisimulia anaposema. Mimi ninacho hapa mezani. Kule mwishoni bibi harusi akishavuka kizingiti, mjomba anafungua mdomo, na kitu cha kwanza anachotamka ni jina la marehemu mama yake binti. Uwanja mzima unasimama. Unadhani mjomba huyo alimtoa wapi, kama si jikoni kwako? Umeandikiwa nafasi kubwa kuliko zote, na wewe unalialia kwamba umenyang'anywa kipaza sauti.

Mpwa wako si tapeli. Riwaya ni kazi ya kubuni, na aliyeigeuza katiba ya ukoo ni mkwe wenu. Lakini mkinyamaza mkamwacha aamini hivyo, hapo mtakuwa matapeli wote, na kesho wajukuu watafungwa midomo bila kujua nani aliifunga. Wageni walitueleza sisi ni nani kwa miaka mingi, na walikosea mengi. Haifai tukaanza kudanganyana wenyewe kwa heshima. Shangazi msimuumbue. Huenda kweli aliona mjomba aliyenyamaza, mwenye jino bovu.

Kwa hiyo, soma kitabu mpaka mwisho. Kisha mwambie mpwa wako kile ulichomtunzia, maana nina hakika hajui. Halafu nendeni wote wawili kwa mkwe, na usiongee wewe, aongee mpwa wako: "Baba, hili nililibuni mwenyewe, na ningependa lifanyike harusini kwangu." Mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote ataelewa. Akikataa, panda jukwaani kama kawaida yako. Akikubali, basi ni mila yenu kuanzia siku hiyo, na mnajua ilikotoka.

Hapo mpe kipaza sauti mshereheshaji mwenzako, funga mdomo, tembea nyuma ya binti yako. Akishavuka kizingiti, anza na jina la dada yako. Watu watakuwa wamekungoja kutwa nzima, hata ukinong'ona watasikia.