Mfupa Ulioitwa Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Picha za eksirei za kliniki tena, asubuhi yote. Nyingi zimekatika pembeni kwa kuwa mgonjwa hawezi kunyoosha mkono. Programu yangu huchukua sehemu ya ukingo wa mfupa inayoonekana, kisha huitafutia umbo kamili linalolingana nayo katika hifadhi yetu ya picha. Imefaulu. Niliandika kwenye skrini: "Umbo kamili limepatikana." Msimamizi wangu, Bwana Mutua, ameyafuta maneno hayo. Ameweka: MZIMA.

"Fupi, tamu. Wageni watalipenda."

Ijumaa tunawaonyesha wafadhili hotelini Diani. Nimekusudia siku hiyo inijengee jina.

Jumatano, 5 Machi

Nimeghadhibika. Jana Bi Mwanasha wa Munje aliteleza kisimani, akaangukia mkono. Picha yake kliniki ilikatika. Programu ikaipatia umbo kamili. Skrini ikasema MZIMA. Afisa wa kliniki, foleni ikimsubiri mlangoni, akaelewa kwamba mfupa hauna kasoro. Dawa ya maumivu, na nyumbani.

Leo nimeitazama picha hiyo. Ufa upo! Programu imeuruka kana kwamba ni pengo tu la picha.

Nimemtaka Bwana Mutua aliondoe neno lile.

"Wacha ujuaji, kijana. Kwani daktari hana macho?"

Nimelifuta mwenyewe. Amelirudisha. Mpumbavu.

Alhamisi, 6 Machi

Munje, kumfuata.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Si mashine yenu ilisema mimi mzima?"

Mkwewe akadakia: "Mzima gani huyu, hata kukuna nazi hawezi!"

Wakacheka. Mimi sikuweza. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi. Nimemrejesha kliniki. Afisa aliitazama picha kwa macho yake, akamwomba radhi. Mfupa umevunjika. Bwana Mutua hakumwomba radhi mtu yeyote. Aliuliza tu nani amenipa ruhusa ya kutoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaonyesha wageni picha ya Bi Mwanasha, kwa idhini yake, neno lile likiwa juu ya ufa. Nimewaeleza yote. Bwana Mutua alininyang'anya kipaza sauti. Nikaendelea bila hicho. Namchukia.

Jumamosi, 8 Machi

Sina kazi. Neno limeondolewa, afisa wa kliniki amenipigia kunijulisha. Bi Mwanasha amefungwa plasta. Analalamika kwamba inamuwasha.

Mvua inanyesha Ukunda. Nimefua mashati yangu ya kazini, nikayaanika ndani.