Kinini ya Moyo Mbele ya Ndoa

Jeudi, mangaribi.

Nitacheza! Munganga wa hospitali amekubali, nitacheza!

Tangu ugonjwa ya moyo ilinishika, ku hospitali banipatia kinini, kidonge moja ya kumeza kila asubui, ya kupunguza mbio yake. Miye niliona inanilegeza miguu. Na kesho kutwa, samedi, iko ndoa ya mujukuu wangu Nadège kule Bel-Air, na babu njo anamuingiza mu salle, nyumba ya karamu, na kucheza. Mu famille yote, nani anacheza kunishinda? Hakuna! Basi niliacha kinini siku tatu, nipate nguvu.

Jana nilijaribu hatua mu lupango, inje ya nyumba. Moyo ikaanza kukimbia sawa moteri ya kamio mu mupando. Niliogopa sana. Naandika hapa tu, sitaambia mutu.

Bibi yangu Charlotte, mama ya batoto yangu, akakuta vinini mu mufuko ya koti. "Muzee, unataka Nadège avae nguo nyeusi mbele ya kuvaa ile nyeupe ya ndoa?"

Leo akanipeleka kwa munganga, mwanamuke mudogo mwenye sauti kubwa. "Papa, moyo yako ingali na kidonda. Kinini inaipumzisha. Kuiacha gafula inaweza kukuua! Kama miguu inalegea, uniambie miye, tutaangalia."

"Na kucheza?"

"Cheza polepole. Kifua ikiuma, unakaa."

Polepole! Bale batoto banarukaruka tu, miye njo najua kucheza polepole.

Nimemeza kinini mbele ya Charlotte. Akanifungulisha kinywa, akaangalia hata chini ya ulimi. Samedi anasema atakagua tena ku mulango ya salle, mbele ya bantu yote.

Akague. Kisha muziki ianze.