Nyanya, Ni Mimi Niliyewatajia Saa

Mpendwa Nyanya,

Kanisa linaandika historia ya kituo cha wazee ulikouawa. Mama Sara, mwanzilishi wake, amenipigia simu hapa Doha kuomba ukurasa mmoja wa shajara yangu. Akiupata, ataupeleka pia polisi.

Historia yenyewe ni ya damu. Ulinisimulia mwenyewe: Mama Sara alianza na vyumba viwili nyuma ya kanisa, akampokea mzee aliyekatwa sikio na wanawe kwa sababu ya mvi. Mvi zilitosha kumfanya mtu mchawi, na mchawi akifa, shamba huwabakia wanawe. Ua wa kwanza ulikuwa wa miiba, wawindaji wa wazee wakauchoma. Ukajengwa ukuta, wakauruka, wakamvunja mpishi mkono kwa rungu. Ndipo vikaja vigae vya chupa juu ya ukuta, na lango la chuma.

Nyumbani nilikupaka kanta nyeusi kila Jumamosi, wasikuone mvi. Siku yako ya kwanza kituoni ulinirudishia kopo.

"Kampake babako mdogo. Yeye ndiye mwenye mambo ya kuficha."

Wazee walicheka hadi wakakohoa.

Kisha huyo Baba Mdogo Kazungu, mwanao wa kumzaa, akaniuliza: "Tunataka kumletea mama godoro. Lango hufunguliwa lini?"

Nikafungua shajara, nikamsomea: Alhamisi, saa nne, lori la maji likiingia. Nilijivunia kuwa na jibu.

Alhamisi hiyo nilikuja kuliona godoro. Waliingia wanne nyuma ya lori, na mapanga. Ulikuwa barazani na kikombe cha uji.

"Kazungu, mwanangu, hata salamu?"

Panga la kwanza lilikata mkono uliouinua. La pili, shingo. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi, nimeuma shati langu nisipige kelele. Kazungu akipita aliniona. Akafuta panga kwenye nyasi.

"Asante, kijana."

Polisi walimkamata, wakamwachilia kwa kukosa shahidi. Niliandika yote jioni ile, nikanyamaza, nikaja huku kulinda lango la watu wengine, mtaa wa Muaither.

Ijumaa iliyopita, nikiwa chumbani Industrial Area, kwenye makazi ya wafanyakazi, Kazungu, aliyesikia habari za ukurasa huo, alinitumia ujumbe wa sauti: "Choma hiyo karatasi. Na ukumbuke mamako anakaa kwangu."

Odhiambo, ninayelala naye chumba kimoja, akachungulia kutoka kitanda cha juu. "Buda, huyo ni babako mdogo ama ni jambazi?"

"Wote wawili."

Nilimwambia Mama Sara amchukue mama kwanza. Leo asubuhi amenijibu: mama ameingia kituoni, lango limefungwa.

Basi ukurasa nimeutuma mzima. Jina la Kazungu limo, na langu limo, pamoja na ile saa niliyomsomea. Nimeomba likizo. Nitasimama mahakamani niyaseme haya kwa mdomo, hata wakinifunga pamoja naye. Sikuombi msamaha kabla ya hapo.

Lala, Nyanya. Sasa nasema.

Mjukuu wako