Dirisha la Mwaitu Mbele ya Mkwe

Wewe binti wa Kwa Vonza, kabla barua yako haijasomewa watu, kwanza nikugombeze. Miaka minne! Ulikula muthokoi wa mahindi kwangu hapa Kilungu ukaramba kijiko, ukasema, "Susu, nyanya yangu, nitarudi mwezi ujao." Mwezi gani huo? Nimezika jirani mmoja na ng'ombe wawili nikikungoja. Sasa unakuja kwa karatasi kama mtu wa serikali. Mimi shule sikukanyaga, unajua, ni Kathini mke wa mwanangu anayenisomea na kuniandikia, na leo alisoma mpaka mahali pa taa akaikunja karatasi. Nikamwambia, soma, hata kama ni msiba soma. Jina lako nimelificha na majina ya watu wako nimeyabadilisha. Haya, watu wasikie.

*

Susu mpendwa, naomba msaada wako maana nimefika mwisho, na ninajua utanigombeza lakini afadhali kugombezwa kuliko kimya kilicho kwa nyumba yangu. Mwaitu, mama yangu, alipooza upande wa kulia mwaka jana akiwa peke yake kule Kyuso, akalala mlangoni siku nzima mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi akamkuta, na kaka yangu Gedion yuko kazini Mombasa na mkewe akasema chumba chao ni kimoja, basi nikamleta kwangu, kwa boma la mume wangu, na wewe unajua hilo peke yake ni jambo, mama kulala kwa nyumba ya mkwe wake, kwa sababu ya nthoni, ile heshima yetu ya mkwe na mama mkwe kutotazamana usoni, na mwaitu ni mtu wa zamani, tangu niolewe hajawahi kukutana na mume wangu, baba Kasyoki, njiani bila kuingia kichakani. Pasta alituambia hayo ni mambo ya kale na sisi tumeokoka, nikasema amina, mume wangu naye akasema amina, lakini miguu yake haikusema amina, ikipita karibu na chumba cha mama inakwenda upande kama ya kaa.

Dirisha la chumba hicho linatazama lango na barabara ya soko, nikaweka kitanda hapo ili mwaitu aone watu na mbuzi maana hana kingine cha kuona, na tukapata njia yetu, baba Kasyoki akifika langoni na pikipiki anapiga honi mara mbili, anakohoa, anangoja, mimi nakimbia kushusha leso niliyoipigilia misumari dirishani, ndipo anapita. Tuliishi hivyo miezi minane. Lakini nilichoka, Susu, nilichoka kukimbia na unga mikononi, na leso ilikuwa imepauka na kina mama wa chama wakija walikuwa wanaitazama halafu wananitazama, nyumba mpya ya mawe na dirisha limevaa leso ya misumari kama kibanda cha mahindi, nikaona aibu, nikaenda Kitui mjini kwa Yakub anayeuza blaindi za madirisha.

Yakub alinitandazia zote, kuna za vipande virefu vinavyosimama, kuna za vipande vya mbao vilivyolala kimoja juu ya kingine ukivuta kamba vinafunguka na kufunga, kuna za kitambaa kizito kisichopitisha hata mwale, na kuna ya kuviringisha ya wavu mwembamba, akanishikia hiyo kwa mwanga akasema, "Mama, hii mchana wewe unaona nje, aliye nje hakuoni," na mimi nikaona Mungu amenijibu. Ikawekwa siku hiyo hiyo. Mwaitu akatazama barabara, akacheka kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka, akasema, "Kumbe naweza kuona ng'ombe wa watu bila wenyewe kuniuliza habari," na kwa furaha yangu nikamwambia mume wangu, "Honi wacha, kukohoa wacha, pita tu, siku hizi hakuna anayeonekana."

Siku ya tano, saa moja jioni, giza limeshaingia, nikawasha taa, nikashusha blaindi mpaka chini, nikamvua mwaitu nguo zote nimwoshe, na kumbe taa ikiwaka ndani ule wavu unageuka, wa nje ndiye anayeona. Baba Kasyoki akaingia kimya kama nilivyomwambia. Akainua kichwa atazame blaindi yangu mpya. Nikasikia pikipiki imeanguka na sauti yake ikisema, "Ngai wakwa, Mungu wangu!" hatua tatu kutoka dirishani, na mwaitu aliisikia sauti hiyo, akajua, akajaribu kujifunika kwa mkono ule mmoja, na mkono haukutosha.

Leo ni wiki tatu. Mume wangu analala kwenye kinu chake cha kusaga, anatuma unga, mwenyewe haji. Mwaitu amegeukia ukuta, uji anakunywa vijiko viwili, anasema, "Mume wako alikuja kimya makusudi, nimekuwa mzigo kwake, nirudishe Kyuso nikafie kwangu," na nyumba ya Kyuso paa lilishaanguka, hajui. Na Susu, sijamwambia kwamba ni mimi niliyekataza honi. Kila nikifungua mdomo najikuta namwuliza kama anataka maji. Nimerudi kwa Yakub mara tatu, nimeleta vipande vya mfano, ya mbao, ya kusimama, ya giza, vimejaa kitandani kwangu, siwezi kuchagua, nalala juu yake. Niambie niweke gani ili mume wangu arudi na mwaitu ageuke.

Aliyekwama, Kwa Vonza

*

Binti yangu, pole. Umembeba mama yako ilhali una kaka mwenye mgongo mpana kuliko wako, na Mungu ameona. Sasa kaa vizuri nikuchape.

Yakub alikuambia mchana. Neno lilikuwa hapo, limetoka kinywani mwa mtu mwaminifu. Wewe ulikuwa umechoka, na mtu aliyechoka husikia ile nusu inayompa kupumzika. Ungewasha taa, ukatoka nje, ukatazama dirisha lako mwenyewe. Hatua kumi, mama! Sisi tunanusa maziwa kabla ya kuyatia kwa chai, na wewe hukutazama dirisha kabla ya kumvua mama yako nguo.

Na sasa unakimbilia dukani kila wiki kwa sababu Yakub hakuulizi kitu kigumu. Yeye anauliza upana na urefu. Mimi naona unajua kabisa kinachomwua mama yako. Si dirisha. Anakufa akiamini mkwe wake alimdharau, na mtu pekee anayejua si kweli ni wewe, na wewe unamwuliza kama anataka maji!

Leo, kabla jua halijashuka, panda kitandani kwake upande wa ukuta, huko alikogeuza uso. Ndiyo, jibane hapo, wewe si mnene. Mwambie, "Mwaitu, mimi ndiye niliyemwambia asipige honi. Yeye hakukosa, wewe hukukosa. Ni mimi." Usilie kwanza, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe na neno litapotea. Akikutukana, pokea. Akinyamaza, kaa hapo hapo mpaka mbavu zikuume. Na jambo la paa, mwambie pia. Mgonjwa si mtoto wa kudanganywa kwamba ana nyumba.

Kwa mume wako usiende wewe, atakuona na aibu itamzidi. Mtume kaka mkubwa wa baba yake. Mume wako anunue blanketi jipya, zito, na mbuzi jike wa kuomba radhi. Hapa Kilungu nililelewa nikiona hivyo, mkwe akiona kisichopaswa kuonwa, hufunika. Blanketi lipokelewe mlangoni na mama mzee wa upande wenu, yeye ndiye amfunike mwaitu, na mume wako asimame nje, nyuma ya ukuta, aseme, "Mwaitu, sikuja kwa dharau." Basi. Asiongeze mahubiri. Mama yako aliisikia sauti hiyo ikishtuka, wacha aisikie ikiomba. Na Pasta akiuliza, mwambie blanketi ni blanketi, hata kanisa lake hugawa.

Haya, blaindi zako, maana ulichouliza ni hicho. Zile ndefu za kusimama rudisha, upepo wa Kwa Vonza utazigonganisha mchana kutwa na mgonjwa hatapata usingizi. Ile ya giza usiniletee, utakuwa umemzika na bado anapumua. Chukua ya vipande vya mbao vinavyolala, na kamba mwambie Yakub aiweke upande wa kushoto, ifike mpaka kitandani, pale mkono wake mzima unapofika. Afungue mwenyewe, afunge mwenyewe. Umeona? Tangu apooze kila mtu anamfunika na kumfunua kama sufuria. Na juu yake tundika pazia zito, la saa za kuoga tu. Na umwoshe asubuhi, mbali na dirisha. Nani alikuambia mwili wa mzee unaoshwa taa ikiwaka?

Sitakuficha. Wazee wakigeukia ukuta wiki tatu, wengi hawageuki tena. Unaweza kufanya yote niliyosema na bado vijiko viwili viwe kimoja. Fanya tu.

Nakuambia kwa nini. Mimi nilimkimbia mkwe wangu Kaloki, mume wa Ndunge wangu, miaka kumi na tisa. Aliniletea sukari kila Krismasi, anaiweka juu ya jiwe, anaondoka, mimi natoka. Alipokufa wanawake wakaniambia, "Sasa mtazame, maiti haina nthoni." Nikatazama. Alikuwa na kovu kidevuni. Alikuwa na mvi. Mtu aliyenilisha sukari miaka yote hiyo, sikujua ana mvi. Sikuambii uvunje heshima, heshima ilitulea. Nakuambia mama yako asiondoke na uongo juu ya mtu aliyekuwa akimngojea langoni kila jioni, jua na mvua.

Na wewe, safari hii usiniandikie. Njoo. Pitia mlango wa jikoni, usibishe. Kama mwaitu atakuwa ametuacha, usiniambie ukiwa umesimama, nitajua nikikuona. Bandika chai kwanza, tia sukari nyingi, uketi hapa kando yangu, halafu ndipo tulie.